Mlandege juu ya ukuta

Siku ya pili ya mafunzo ya walinzi wa misitu na wa mambo ya kale hapa Pemba, niliwagawia vijana wangu kila mmoja kokoto hamsini. Walikuwa kumi na mmoja, sita wa misitu na watano wa mambo ya kale, na mpaka jioni ile walikuwa bado wanakaa mafungu mawili, kama upande wa bibi harusi na upande wa bwana harusi kabla biriani haijaletwa. Tulikuwa Kidike, karibu na Mjini Ole, chini ya miti wanayolala popo. Maagizo yalikuwa machache. Popo kumi wakiruka, toa kokoto moja mfuko wa kulia utie wa kushoto. Usimuulize mwenzio kafika ngapi. Simu zote kwenye kikapu changu.

Kijana mmoja akauliza kwa adabu, "Mwalimu, na magharibi je?"

Swali zuri, na katika miongozo yote ya kuhesabu popo niliyopata kuisoma hakuna hata mmoja uliolijibu. Popo hutoka kiza kinapoanza kuingia, ndio wakati wenyewe wa sala. Nikamwambia tutasali kwanza, hapo hapo, maana popo hawatoki jua likitua tu. Husubiri anga libaki na wekundu wa mwisho. Tukatandika majamvi. Tulipotoa salamu, wa kwanza alikuwa ameshajinyoosha kwenye tawi.

Kama hujamuona popo wa Pemba, usifikirie vile vipopo vya darini. Huyu akikunjua mabawa anakaribia mita moja na nusu, manyoya rangi ya kutu, uso kama wa kijibwa. Haishi kwengine kokote duniani ila kisiwa hiki. Akitoka mmoja wanafuata kumi, kisha wanakuwa wengi mpaka mikono inachanganyikiwa na shingo inauma. Baada ya dakika arubaini nikawasimamisha. Dada mmoja wa Wete alikuwa na kokoto kumi na tisa. Kijana wa Makangale, aliyesimama hatua tano tu kutoka kwake, thelathini na moja. Bwana mmoja wa mambo ya kale alizimaliza zote hamsini, akaanza kuzirudisha mfuko wa kulia, na sasa hakumbuki karudisha ngapi.

Wakacheka, wakabishana, na katika kubishana ndipo walipochanganyika. Nani kawahesabu wale waliozunguka wakarudi mtini? Nani alikuwa anatazama kusini? Mbona wewe ulikuwa unaangalia huku kwangu? Sikuwaambia kitu, nikawa nakunja majamvi. Kesho yake tulirudia, safari hii tumeligawa anga kama mtu anavyokata mkate, kila wawili na kipande chao, na tofauti zikapungua sana. Hesabu ya mtu mmoja jioni moja ni porojo. Ya watu wale wale, mahali pale pale, msimu ule ule, mwaka baada ya mwaka, hiyo unaweza kumpelekea mkubwa na ukasimama nayo.

Popo huyu ndiye aliyenifunza hilo. Zamani alikuwa kitoweo, wazee wakimpiga kwa manati na wengine kwa bunduki, na miti yake ya kulala ikikatwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikisiwa kuwa elfu chache tu. Watu wa vijiji wakaanza kuilinda miti ile, Kidike ikiwamo, na hesabu ya mwaka 2007 ikapita 20,000. Kama kusingekuwa na watu waliokaa chini ya miti shingo zikiwauma, nani angejua kuwa ulinzi ule umefaa?

Siku ya kwanza sitaizungumza sana. Ukumbi, viyoyozi, projekta inayozimika kila ikipata moto, karatasi ya posho inayozunguka kwa kasi kuliko karatasi ya mahudhurio. Kulikuwa na mwongozo uliotafsiriwa kutoka Kiingereza, mzuri kwa kweli, ila una ukurasa mzima unaoeleza ufanye nini ukikutana na dubu. Yule wa Makangale alinyanyua mkono akauliza kama dubu ni haramu. Ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko, na mie nikacheka nao, maana nayajua hayo. Nimesoma Mweka, chuo cha wanyamapori kule chini ya Kilimanjaro, kilichopo tangu 1963. Walimu wangu nawaheshimu mpaka leo. Lakini nilirudi nyumbani najua kukisia umri wa ndovu kwa kupima wayo wake wa nyuma, na kisiwa chetu hakina ndovu hata wa dawa.

Kitu kimoja katika mwongozo ule niliwasomesha mara mbili. Wamarekani, ambao hifadhi yao ya Yellowstone ni ya mwaka 1872, walipokuja kuunda shirika la kuzisimamia hifadhi zao mwaka 1916, sheria ilitaja mandhari, vitu vya asili, vitu vya kihistoria na wanyama, vyote ndani ya sentensi moja. Nikawauliza vijana: nyinyi mna sentensi ngapi? Hawakunielewa. Nikaacha, tukaenda kula.

Walinielewa Pujini.

Kwa asiyepajua, Pujini ni kusini mashariki ya Chake Chake, na pale ndipo palipokuwa na ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani. Jina lenyewe linatisha: mwenye kuwakama wanaume. Wazee wanasimulia kwamba aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Kuna kisima kilichogawanywa kwa ukuta, na kisa chake kila mtoto wa Pemba anakijua: wake wawili wenye wivu, mmoja akiteka kwa ndoo na kamba, mwengine akishuka ngazi, ili wasionane uso kwa uso.

Nilimpa kila mmoja zamu ya kunitembeza kama mgeni. Wa kwanza alinipa kisa cha wake wawili kwa yakini utadhani alikuwa shahidi wa ndoa. Nikamuuliza, "Umeyajuaje?" Akasema kila mtu anajua. Basi sema hivyo, nikamwambia. Sema wazee wanasimulia. Halafu ukija kwenye yale yaliyochimbwa, sema yamechimbwa: kwamba ngome ni ya karne ya 15, kwamba katika miaka ya 1990 wachimbuzi walikuta chumba chini ya ardhi, na ukutani mwake umbo la siwa lililofinyangwa kwa lipu ya chokaa. Siwa, ile baragumu ya enzi. Mgeni ukishamwambia hilo nyamaza kidogo, muache avute picha mwenyewe. Watembezaji wetu wanaogopa kimya, wanadhani wakinyamaza hawatapewa bakshishi.

Dada wa Wete alifanya vizuri kuliko wote. Alinisimamisha kisimani akaniuliza mie, mgeni, kama ningekuwa mke mkubwa ningechagua ndoo au ngazi. Sijaulizwa swali kama hilo na mtembezaji yeyote maisha yangu. (Ngazi. Kamba huota sugu.)

Tulipokuwa tunatoka tukapita kwenye kipande cha ukuta, na juu yake mche wa mlandege. Urefu wa dhiraa hivi, majani yanang'aa, umejishika kwenye ufa kama mtoto shingoni mwa mamake. Wa misitu wakaufurahia. Mmoja akaanza kueleza kwamba mlandege huanza maisha juu ya mti mwengine au juu ya jiwe, kisha huteremsha mizizi kutafuta ardhi. Mmoja wa mambo ya kale hakusikiliza. Alishapanda jiwe, kaukamata mche kwa mikono miwili, anavuta.

Nilipiga ukelele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia.

Sababu ya ukelele ule ni ya zamani. Nilikuwa na miezi minne kazini nilipopelekwa kusafisha gofu moja, sitalitaja. Mkubwa alitaka liwe jeupe, wageni wanakuja. Nilifyeka, nikafagia, nikafika kwenye mlandege kama ule ule, nikauvuta. Ulitoka na mawe saba. Nakumbuka ni saba kwa sababu niliyapanga chini nikawa nayatazama. Kisha kifusi cha ndani kikamwagika kama mchele gunia likitoboka. Ukuta uliokaa mamia ya miaka nimeubomoa kabla ya chai ya saa nne. Nililia, nikafuta machozi kwa mtandio, nikaandika ripoti kuwa umeanguka kwa mvua. Sasa mnajua.

Akaletwa fundi kuziba, akaziba kwa saruji. Ilipendeza miaka miwili. Baada ya masika ya tatu saruji ilikuwa nzima, imekaa pale kama jino la dhahabu, na mawe ya matumbawe yaliyoizunguka yanamong'onyoka unga unga. Ukuta wa matumbawe hunywa maji na kuyatoa. Ukiupaka kitu kigumu kuliko wenyewe, kisichopitisha unyevu, maji na chumvi hutafuta njia kupitia jiwe, na jiwe ndilo linaloliwa.

Jambo hili halikutakiwa kunipita mie, kati ya watu wote. Baba yangu alikuwa mchomaji chokaa. Alipanga magogo ya minazi duara, mawe ya matumbawe juu yake, akatia moto, tanuu likawaka usiku kucha sie watoto tukilizunguka kuchoma mihogo. Mawe yakishaiva humwagiwa maji, yanachemka, yanapasuka, yanakuwa unga. Chokaa nzuri aliitia shimoni na maji, akaiacha miezi, akakataa kuiuza mpaka iwe laini kama samli. Watu walimuona mchoyo. Nilikuwa na aibu na kazi ile, nguo zake nyeupe nyeupe, mikono imepasuka. Nikaenda skuli, nikaenda Mweka, nikarudi, na sikumkumbuka baba mpaka fundi wa saruji alipokuwa ameshalipwa.

Basi pale Pujini tulikaa chini ya mwembe karibu saa mbili juu ya mche ule mmoja. Mche wenye majani mawili unautoa kwa vidole, ndiyo maana mlinzi anatakiwa auzunguke ukuta wake kila mwezi huku akitazama juu, siyo akitazama simu. Ukishafika dhiraa huvuti tena. Unakata shina kwa msumeno, chini kabisa, unapaka dawa kwenye kidonda saa ile ile, na mizizi unaiacha ndani ife na ikauke. Miezi kadhaa baadaye unarudi kuziba matundu kwa chokaa, mchanga na vijiwe vidogo, kisha unafunika magunia mabichi ili ikauke polepole. Na kuna mlandege wa aina ya tatu, ule mkubwa uliokwisha kuukumbatia ukuta mzima. Huo ukiuua, siku mizizi ikioza ukuta nao unakuja chini. Wakati mwengine uamuzi ni kuuacha, kupunguza matawi upepo usiuyumbishe, na kuishi nao. Hapo hakuna mwongozo, kuna watu wawili wanaosimama na kubishana mpaka waelewane, mmoja anajua mti na mmoja anajua ukuta.

"Na huu umefikaje huku juu?" nikauliza.

Kimya. Halafu yule wa Makangale akasema taratibu, "Popo."

Popo, na ninga, na kila anayekula tunda la mlandege akaja kupumzika juu ya gofu. Wale wale tuliowahesabu juzi kwa bashasha. Kila popo mmoja tuliyemuokoa anatoka jioni na tumbo limejaa mbegu, anaupanda msitu wa Ngezi, anapanda mashamba ya watu, na anapanda kuta za Mkama Ndume. Bwana wa mambo ya kale akatikisa kichwa: "Kumbe miaka yote nyinyi mnafuga adui wetu." Kwa mara ya kwanza tangu tuanze, mtu wa upande mmoja alikuwa amemwambia wa upande wa pili jambo la kazi.

Siku ya nne nilidhani itakuwa nyepesi. Gofu la pwani, msikiti na makaburi, usafi wa kawaida. Niligawa magunia, nikakaa na sheha kuzungumza. Niliporudi gunia moja lilikuwa na chupa za maji, mifuko, nyavu zilizooza, na pamoja nazo chupa ya marashi ya waridi, vipande vya kitambaa cheupe, chetezo kilichovunjika na sarafu chache. Mzee mmoja alikuwa amesimama na jembe lake begani, ametokea shambani.

"Wanangu, mmebeba nini humo?"

"Taka, babu," akasema kijana.

"Hizo ni nadhiri za watu."

Kijana, msomi wa dini kidogo, akaanza kumweleza babu kuhusu shirki. Nilimkatiza. Mie pia siweki nadhiri makaburini, na mamangu angenichapa. Ila mshahara wetu haulipwi kwa kutoa fatwa. Kilichokuwa kwenye gunia ni ushahidi kwamba mahali pale bado pana watu, na mlinzi anayekifagia bila kuuliza amefuta ukurasa wa daftari lake mwenyewe. Nikamuomba radhi mzee, nikamwambia na tatizo letu: moshi wa ubani unatia masizi kwenye lipu ya zamani, na makaa yakiangukia majani makavu tutakuja kukuta mkaa. Alifikiri. Akatuonesha jiwe bapa upande wa pili wa njia, akasema zamani vyetezo vilikuwa vikiwekwa hapo, vijana wa siku hizi wavivu ndio wanaosogea mpaka kaburini. Vitu vikahamishiwa huko, yeye mwenyewe akavipanga. Kisha, bila kuulizwa, akatupeleka vichakani kutuonesha mdomo wa kisima kilichofukiwa ambacho hakikuwemo kwenye ramani yetu. Kijana wa shirki ndiye aliyemshikia jembe.

Nilitaka vijana wamalize kwa kazi, siyo kwa vyeti (vyeti vilikuwepo, vimechapwa na majina matatu yamekosewa). Kazi ilikuwa ule mlandege. Kukata mti kunataka kibali. Kugusa ukuta wa kale nako kunataka ruhusa. Fomu waliyoipata ilikuwa na mstari mmoja wa sahihi. Wakazunguka nayo siku mbili, kila wanapokwenda wanaambiwa sahihi hiyo si yetu, ni ya wenzetu. Siku ya tatu dada wa Wete akachukua rula na kalamu, akachora mstari wa pili chini ya ule wa kwanza, ulionyooka kabisa, akaandika cheo pembeni. Akaenda mwenyewe kila upande. Fomu ikarudi na sahihi mbili. Ninayo nakala, nimeibandika ukutani juu ya meza yangu.

Mche ukakatwa. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua za vuli. Wiki iliyopita, masika yamekwisha na magunia yametandikwa, walinitumia picha kwenye simu: tundu limezibwa, chokaa nyeupe, gunia bichi juu yake limebanwa kwa mawe. Katikati ya gunia kinyesi cha popo, mafungu matatu, mbegu zinaonekana. Na chini yake sauti ya yule wa Makangale:

"Mwalimu, hizi nazo tuzitilie kokoto?"